Maisha yanapobadilika, tenga 'ngitili' ya muda wako

Saa 11 jioni jua la Shinyanga huanza kulegea. Katika Kata ya Ibadakuli, ndani ya Manispaa ya Shinyanga, watoto wanarudi na madumu ya maji, bodaboda zinapishana kwenye vumbi, na mbele ya chumba cha kupanga mama mmoja ameketi kwenye kigoda akichambua mchicha. Nyuma ya mlango wake, kwenye msumari, limening'inia fungu la nyasi za kusukia vikapu. Limekauka tangu siku aliyohamia hapo.

Jirani akipita humtania, "Mayu, siku hizi husuki tena?"

Naye hucheka kidogo na kujibu, "Muda uko wapi, mwenzangu?"

Mama huyu si mtu mmoja. Ni mfano wa wanawake wengi wanaoonekana kila siku katika mitaa ya Shinyanga, Kahama na Geita. Wapo waliofiwa na waume, wakauacha mji wa kijijini na kuja kupanga karibu na barabara. Wapo ambao waume zao wamefuata rashi ya dhahabu, leo wako duara hili, kesho lile, na simu huita mara moja kwa wiki. Wapo waliojifungua juzi, waliostaafu mwaka jana, na waliopunguzwa kazini mgodi ulipofungwa.

Kinachowaunganisha ni kwamba maisha yalipobadilika, vitu vya kwanza kuachwa vilikuwa vile vilivyokuwa vikiwapumzisha: kusuka, kuimba, kufinyanga, kutembea porini kuchuma mboga za asili, kukaa chini ya mti na wenzao. Viliachwa kimyakimya, kwa sababu hakuna aliyeviona kuwa ni muhimu.

Swali la makala haya ni iwapo vitu hivyo ni anasa, au ni sehemu ya afya ambayo familia inapaswa kuilinda kama inavyolinda chakula ghalani.

Mabadiliko yana uzito, hata yale ya furaha

Mwaka 1967, watafiti wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa limepewa alama kulingana na kiasi linavyomlazimu mtu kujipanga upya. Kifo cha mwenza kilipewa alama 100, cha juu kuliko vyote. Talaka ilipewa 73, kufukuzwa kazi 47, kustaafu 45, mabadiliko ya hali ya fedha 38 na kuhama makazi 20.

La kuzingatia ni kwamba orodha hiyo haikuwa ya misiba pekee. Ndoa ilipewa alama 50, juu ya kufukuzwa kazi. Ujauzito ulipewa 40. Kwa maneno mengine, mwili na akili havitofautishi sana kati ya badiliko la kilio na badiliko la vigelegele. Vyote vinadai nguvu.

Turudi kwa mama wa Ibadakuli. Kama amefiwa na mume, amehama nyumba na kipato kimetetereka, tayari amefikisha alama 158. Watafiti hao waliona kuwa alama zinapovuka 150, uwezekano wa mtu kuugua katika kipindi kinachofuata unaongezeka. Orodha hiyo ilitengenezwa Marekani na haimtabirii mtu yeyote maradhi, lakini inasaidia kuelewa kwa nini mtu anaweza kuchoka bila kulima, na kukosa usingizi wakati deni lote limelipwa.

Ndiyo maana kauli ya "jikaze tu" haitoshi. Mtu aliyebebeshwa mzigo anahitaji mahali pa kuutua, hata kwa nusu saa.

Shinyanga ilishawahi kuchoka, ikapona

Watu wa Shinyanga hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kitu kilichochoka kikarudi. Ardhi yao wenyewe ni mfano.

Katika karne iliyopita, misitu ya mkoa huu ilifyekwa kwa sababu nyingi. Wakati wa ukoloni miti ilikatwa kuondoa mbung'o wanaoeneza ugonjwa wa malale na nagana. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, ng'ombe wakaongezeka, kuni na mkaa vikahitajika zaidi. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na 1975 ilipowahamishia watu katika vijiji vipya, familia nyingi ziliacha nyuma maeneo yao ya malisho waliyoyatunza kwa miaka. Hatimaye mkoa ukabandikwa jina la "Jangwa la Tanzania".

Maeneo hayo yaliyoachwa ndiyo Wasukuma wanayoyaita ngitili. Utaratibu wake ni rahisi. Mvua zinapoanza, familia au kijiji kinafunga eneo fulani, mifugo haiingii, nyasi na miti vinaachwa vikue. Kiangazi kinapokuwa kikali na kwingine kumebaki vumbi, eneo linafunguliwa, mara nyingi kipande kwa kipande, ili ng'ombe wapate pa kushika hadi mvua nyingine.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mpango ulipofikia ukomo mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto katika mamia ya vijiji.

Namna ilivyofanyika ina somo kwa mtu aliyechoka pia. Mwanzoni nguvu nyingi zilielekezwa kwenye vitalu na miche ya kupanda, mingine ya miti ya kigeni. Kadiri muda ulivyokwenda ilionekana kwamba kazi kubwa inaweza kufanywa na ardhi yenyewe. Visiki vilikuwa bado hai chini ya udongo. Vilichohitaji ni kufungiwa eneo, visikanyagwe, vichipue.

Ndivyo ilivyo kwa ubunifu wa mtu mzima. Mama aliyesuka tangu akiwa binti hahitaji kozi wala vifaa vya bei. Mzee aliyekuwa akipiga zeze ujanani hahitaji kufundishwa kuanzia moja. Kisiki kipo. Kinachokosekana ni eneo lisilokanyagwa.

Ngitili ilirudisha saa za akina mama

Jambo moja katika historia hii halisemwi sana kwenye kurasa za familia, nalo linahusu muda.

Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi IUCN, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa faida za ngitili zilifikia thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Hizo ni fedha za kuni, malisho, dawa za asili, asali, matunda na nyasi za kuezekea.

Lakini utafiti huohuo uliangalia pia saa. Ulionyesha kuwa muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 hadi 6, na wa kutafuta maji kwa saa 1 hadi 2. Kwa anayejua nani hubeba kuni kichwani Usukumani, hesabu hiyo ni ya akina mama na mabinti. Miti ilipokaribia nyumbani, siku ya mwanamke ilirefuka.

Hapa ndipo jibu la "muda uko wapi" linapoanza. Muda wa mwanamke mara nyingi umefichwa ndani ya kazi ambazo hakuna mwingine anayezigusa. Mumewe akichota maji mara mbili kwa wiki, au watoto wakubwa, wa kike na wa kiume, wakipokezana kuosha vyombo, saa moja inapatikana bila mtu kuongezewa siku.

Zamani sanaa ilikuwa ndani ya kazi

Kuna sababu nyingine inayowafanya watu wa leo kuhisi hawana muda wa sanaa. Babu na bibi zao hawakuutenga kabisa. Sanaa ilikuwa imeshonwa ndani ya kazi.

Katika Usukuma, vikundi vya vijana vililima kwa zamu mashamba ya wenzao huku wakiimba, na ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, ilizaliwa shambani. Wigashe, nyimbo zinazoimbwa watu wakiwa wameketi, ziliipa jioni uhai. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na kila mwaka mwezi Juni mashindano hayo huonekana katika sikukuu ya Bulabo, kwenye Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza. Mtafiti Frank Gunderson wa Marekani alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma hadi zikajaza kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka 2010.

Mtu aliyelima kwa wimbo alikuwa anafanya mambo matatu kwa wakati mmoja: anazalisha chakula, anatengeneza sanaa, na yuko nje, miguu ikiwa kwenye udongo, wenzake wakiwa pembeni. Alipohamia mjini, akaingia kwenye kibanda cha M-Pesa, zamu ya ulinzi au kazi za ndani, mambo hayo yalitengana. Kazi ilibaki peke yake, na mapumziko yakawa simu mkononi.

Kwa hiyo anayeishi Ibadakuli, Kahama mjini au Geita leo analazimika kukitenga kwa makusudi kile ambacho bibi yake alikipata bila kukiwazia.

Tafiti zinasema nini

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, yaliyoandaliwa na Daisy Fancourt na Saoirse Finn. Mapitio hayo yalihitimisha kuwa kuimba, kucheza ngoma, kuchora, kusuka, kusimulia na kusoma vina mchango katika kuzuia maradhi, kusaidia matibabu na kuimarisha afya ya akili katika umri wote. Hayakusema sanaa inachukua nafasi ya dawa. Yalisema inafanya kazi pamoja nayo.

Utafiti mdogo wa mwaka 2016 ulioongozwa na Girija Kaimal nchini Marekani uliwapa watu wazima 39 udongo, karatasi na kalamu za rangi kwa dakika 45. Kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa na msongo, kilishuka kwa takriban asilimia 75 ya washiriki. Habari njema kwa wasiojiona kuwa wasanii ni kwamba uzoefu haukuleta tofauti kubwa. Aliyeshika udongo mara ya kwanza alinufaika kama fundi.

Kuhusu maumbile, utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha karibu watu 20,000 nchini Uingereza uliona kuwa waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha, kuliko wasiokwenda kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za mkupuo mmoja au za vipande. Ukizigawa kwa siku saba, ni dakika 17 hivi kwa siku.

Na hata kutazama tu kuna faida. Mwaka 1984 Roger Ulrich aliandika kuhusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali.

Tafiti hizi nyingi zimefanyika ughaibuni, na mwembe wa uani Shinyanga si bustani ya London. Lakini kanuni yake mwana Shinyanga anaifahamu: mtu akifiwa, matanga hukaa nje, chini ya mti, si chumbani.

Mzee wa Ukerewe aliyeandika miaka yote

Kanda ya Ziwa ina mtu wa kuigwa katika hili. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe. Yeye na mkewe walipoteza watoto wao, uchungu ambao katika jamii ya wakati ule ulimtenga mtu. Katikati ya maisha hayo alitenga muda wa kuandika kwa lugha yake ya Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke wanaopendana na kuhangaika kutafuta mtoto, "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka", akiijaza elimu ya mimea, wanyama, kilimo, uvuvi na desturi za kisiwa chake.

Aliukamilisha muswada huo mwaka 1945. Haukupata mchapishaji. Uzeeni aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikauchapisha kwa tarehe ya mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kitabu kikiwa ndiyo kwanza kinatoka.

Miaka 35 kazi hiyo haikumpa fedha wala sifa. Ilimpa kitu cha kuamkia. Ni fundisho kwa wale ambao, wakimwona mama anasuka, swali la kwanza ni "utauza bei gani?" Biashara ni nzuri na kikapu kinaweza kulipa hisa ya kikoba. Lakini shughuli ikishageuka kuwa deni la oda, haipumzishi tena. Ni busara kubakiza kazi moja ambayo si ya kuuza: kikapu cha mjukuu, wimbo wa kujiimbia, bustani ya maua kwenye kopo.

Jinsi ya kufunga ngitili ya muda

Ngitili haikulindwa kwa nia njema peke yake. Ilikuwa na mipaka, kanuni na adhabu. Mkutano wa jadi, dagashida, uliweka sheria, na sungusungu walihakikisha anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anatozwa faini. Muda wa mtu pia unahitaji ulinzi wa aina hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuweka mpaka unaoonekana. "Nitasuka nikipata nafasi" si mpaka. "Jumanne na Alhamisi, saa 11 hadi saa 12 jioni, chini ya mwarobaini" ni mpaka.

Hatua ya pili ni kuitisha dagashida ya nyumbani. Familia ikae, ikubaliane nani atashika nini katika saa hiyo. Mtoto akija kuuliza kijiko kiko wapi, ajibiwe na mwingine. Anayevunja utaratibu alipe faini, hata kama ni kuosha sufuria ya ugali.

Hatua ya tatu ni kuanza na kisiki. Mtu ajiulize alikuwa anafurahia kufanya nini akiwa na miaka 12. Jibu hilo mara nyingi ndilo la kuanzia, kabla ya kununua chochote.

Hatua ya nne ni kufunga mapema. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, wakati malisho yamejaa kila mahali na hakuna anayeona haja. Anayesubiri kiangazi amechelewa. Anayekaribia kustaafu aanze mwaka mmoja au miwili kabla. Mjamzito aipange saa yake na familia kabla ya kujifungua.

Kila badiliko lina ngitili yake

Kwa mama aliyejifungua, likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, na siku 100 kwa aliyepata Kulwa na Doto. Siku hizo humezwa na nepi na wageni. Dakika 20 za kumbeba mtoto na kutembea polepole asubuhi, au kumwimbia bembea alizoimbiwa yeye, zinatosha kwa mwanzo. Bembea ni sanaa, na mtoto hachagui sauti.

Kwa mstaafu, utumishi wa umma humruhusu mtu kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55 na humlazimu akiwa na 60. Wengi hupanga nyumba na mifugo, husahau kupanga asubuhi. Kitalu kidogo cha miche ya miti ya asili, kama mkwaju na mgunga, kinampa mtu sababu ya kuamka na kinawaleta wajukuu karibu. Anayejua hadithi za kale aziandike katika daftari la shule. Kitereza alianza na kalamu.

Kwa familia za mgodini, badiliko haliishi. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama, uliofunguliwa mwaka 2009, tayari umefungwa, na wachimbaji wadogo huhama na rashi. Mwana-apolo anayeishi kambini anaweza kubeba kitu kimoja kisicho na uzito: filimbi, daftari la kuchorea, au wimbo. Na anayebaki nyumbani naye asisubiri mume arudi ndipo aishi.

Kwa mjane na mgane, upweke ndio mzigo. Shughuli ya kikundi, iwe kwaya ya kanisani, kaswida, ngoma au kikundi cha kusuka, ina faida mbili kwa mpigo, kwa sababu inamrudisha mtu kwenye watu bila kumlazimisha aeleze uchungu wake.

Na kwa kijana aliyehamia mjini, dakika 17 za kutembea bila simu, au kukaa chini ya mti kabla ya kuingia kazini, hazigharimu hata kifurushi.

Tahadhari za kiafya

Maumbile yanaponya, lakini Kanda ya Ziwa ina mambo yake ya kuchunga.

Maji yaliyotuama kwenye malambo na mabwawa yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Kaa kandokando ufurahie upepo, usiingie majini.

Kwenye maeneo ya uchimbaji, epuka mashimo yaliyoachwa. Usichukue udongo wa kufinyanga wala kulima mboga karibu na mialo ambako dhahabu husafishwa kwa zebaki. Zebaki huathiri ubongo na figo, na ni hatari zaidi kwa mtoto aliye tumboni na watoto wadogo. Kwa sababu hiyohiyo, kuichoma nyumbani ni mwiko.

Jioni mbu wanaanza kazi, hivyo vaa mikono mirefu na lala ndani ya chandarua. Mchana jua ni kali. Beba maji ya kunywa, na mwenye ualbino achague asubuhi mapema au jioni, avae kofia pana.

Kikapu kisipotosha

Ipo hali ambayo kusuka na kutembea havitoshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu takriban milioni 332 duniani wana sonona, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya asilimia 75 ya wenye matatizo haya hawapati matibabu yoyote. Miongoni mwa wajawazito na waliojifungua karibuni, zaidi ya mmoja kati ya kila 10 hupata sonona.

Dalili za kuangalia ni huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kwa siku nyingi mfululizo, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kujilaumu na kushindwa kufanya kazi za kawaida. Mtu aliyefikia hapo haambiwi asuke. Anapelekwa kituo cha afya au hospitali, kwa sababu sonona inatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na dawa. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuna ishara moja ndogo ambayo familia inaweza kuiona kabla ya zote hizo: mtu ameacha kufanya kile alichokuwa anakipenda, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mama aliyekuwa akiimba akipika, sasa anapika kimya. Baba aliyekuwa na bustani, sasa bustani ni magugu.

Katika hilo, jirani wa Ibadakuli aliyeuliza "Mayu, siku hizi husuki tena?" alikuwa amegusa mahali penyewe. Kilichobaki ni kutoliacha swali lipite na kicheko. Kesho yake aje na kigoda chake saa 11 jioni, aseme, "Mayu, lete zile nyasi tuziloweke." Nyasi za kusukia zikikauka hazijafa. Zikilowekwa kwenye maji, hulainika na kukubali kupindwa tena.